Sura ya Tano: Mbwa Anayemjua Mtu Wake

Kaaga, kilomita chache kutoka mji wa Meru kwenye barabara ya kwenda Maua, mageti mengi yameandikwa maneno mawili kwa rangi nyekundu: MBWA KALI. Mgeni akifika haingii moja kwa moja. Husimama nje, hugonga bati kwa kijiwe, kisha huuliza kwa sauti, "Mbwa amefungwa?" Kutoka ndani mama mwenye boma hujibu, "Ngojeni kidogo! We Muthomi, hebu shika mbwa!" Na Muthomi, kijana wa gredi ya sita, hutoka mbio nyuma ya zizi, humshika mbwa shingoni kwa mkono mmoja, na mnyama aliyekuwa akitikisa geti zima kwa kubweka hutulia papo hapo.

Jina la mtoto hubadilika kutoka boma hadi boma, huku Muthomi, kule Kendi au Mwenda, lakini wito ni uleule. Haitwi baba aliyelipia mbwa. Haitwi kaka mkubwa mwenye nguvu. Huitwa yule anayempelekea mbwa chakula, anayecheza naye akitoka shule, anayejua ni sikio lipi linalomwasha. Watu wa boma wanalijua jambo hilo bila kufundishwa: mbwa humtii mtu wake, na mtu wake si lazima awe mwenye mali. Sura hii inaeleza jinsi mtu anavyopata nafasi hiyo kwa mbwa.

Mbwa wa Kaaga ni mfanyakazi. Eneo hili, ambako Wamethodisti walifungua misheni yao mwaka 1912 na ambako leo kuna shule kadhaa pamoja na Chuo Kikuu cha Methodist, ni mahali pa mashamba madogo yaliyopakana ua kwa ua: kahawa, migomba, mahindi, nepia, ng'ombe wawili watatu wa maziwa wanaolishwa zizini. Msitu wa Imenti hauko mbali, na tumbili wanaotoka humo hawangoji mahindi yakomae. Msimu wa makadamia ukifika, wezi huja usiku kuikung'uta miti kabla mwenyewe hajavuna. Familia inayolala fofofo humtegemea kiumbe mmoja aliye macho.

Hata hivyo, maisha ya mfanyakazi huyo katika maboma mengi ni haya. Alfajiri hufungwa mnyororo nyuma ya ghala au chini ya mparachichi. Hushinda hapo mchana kutwa, akizunguka duara la udongo mtupu alilolichimba kwa miguu yake mwenyewe. Jioni huletewa sufuria ya ugali uliochanganywa na mchuzi wa omena, au makombo ya githeri, nayo husukumwa kwa mguu hadi pale mnyororo unapofika. Saa tatu usiku hufunguliwa, wakati watu wote wamekwisha kujifungia ndani. Ukijumlisha, hukutana na watu wake kwa dakika chache tu kwa siku, na dakika zenyewe ni za kufungwa, kufunguliwa na kusukumiwa chakula. Kisha mwenye boma hushangaa mbwa anapombwekea yeye mwenyewe akirudi usiku kutoka mjini.

Mbwa aliyelelewa hivyo ni kengele. Atalia mtu akipita, maana kubweka hakuhitaji mapenzi. Lakini hatakuja akiitwa, hatatulia mtoto wa jirani akianguka mbele yake, na siku daktari wa mifugo akija hatashikika. Ubora wa mbwa wa ulinzi hautokani na ukali aliofungiwa nao. Unatokana na kujua anamlinda nani.

Maelezo mazuri kuliko yote ya jambo hili yalianzia hapa Afrika Mashariki, na hayakuanza na mbwa. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala akifuatana na mumewe, aliyekuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Alichagua familia 26 katika vijiji vya Buganda vilivyo karibu na mji, akawa anazitembelea kila baada ya wiki mbili kwa miezi mingi, akikaa na mkalimani wake sebuleni na kutazama watoto wachanga pamoja na mama zao. Aliona kwamba mtoto aliyeanza kutambaa huenda mbali kidogo, hugeuka kumtazama mama, husonga tena, hurudi kumgusa, kisha huondoka kwa ujasiri mpya. Kuwapo kwa mama hakukumfanya mtoto awe mwoga wa dunia. Ndiko kulikompa nguvu ya kuichunguza.

Aliona na jambo la pili, ambalo kila mwenye mbwa anafaa kulisikia. Mama walioweza kueleza kwa undani tabia za watoto wao, mtoto hulala saa ngapi, hupenda nini, hulia vipi akiwa na njaa na vipi akiwa amechoka, ndio ambao watoto wao walikuwa watulivu. Kitabu chake kuhusu watoto hao wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Akiwa amehamia Baltimore, Marekani, alibuni kipimo kilichokuja kutumika duniani kote: mtoto na mama huwekwa katika chumba wasichokijua, mgeni huingia, mama hutoka kwa dakika chache, kisha hurudi. Kilio cha kuachwa ni sehemu tu ya kipimo. Mtafiti hutazama zaidi yale marejeo, yaani mtoto humpokeaje mama, na hutulia kwa haraka kiasi gani mikononi mwake.

Mwaka 1998 watafiti wa Budapest, József Topál, Ádám Miklósi na wenzao, waliingiza mbwa katika chumba cha namna hiyo. Mbwa 51 walikuja na watu wanaowafuga. Mwenyewe akiwapo, mbwa walicheza na kuchunguza chumba; akitoka, walikwenda kusimama mlangoni; akirudi, walimkimbilia kwa namna ambayo hawakumkimbilia mgeni. Miaka 15 baadaye, mwaka 2013, Lisa Horn na wenzake wa Vienna waliwapa mbwa kazi ya kutoa chakula kilichofichwa ndani ya kifaa. Mbwa ambaye mtu wake yumo chumbani alishikilia kazi kwa muda mrefu kuliko mbwa aliyeachwa peke yake, na mtu baki kukaa pale hakukuziba pengo hilo.

Peleka matokeo hayo shambani. Mbwa aliye na mtu wake ana pa kurudi, kwa hiyo ana ujasiri wa kwenda. Atakwenda hadi mwisho wa migomba kutazama kilichochakarisha majani, atageuka kuona kama mtu wake ameamka, atasonga tena. Mbwa asiye na mtu hubweka akiwa amesimama palepale alipo, au hukimbia chini ya ghala.

Wako wanaoamini kwamba uhusiano wa namna hiyo ni wa mbwa wa bei, German Shepherd au Rottweiler aliyenunuliwa Nairobi na karatasi zake, na kwamba mbwa wa kienyeji ni mbwa tu. Si kweli hata kidogo. Mbwa wa vijijini, yule mwembamba wa rangi ya kahawia mwenye masikio yaliyosimama nusu, ana ukoo mrefu. Mwaka 2009 watafiti waliochunguza vinasaba vya mbwa 318 wa vijiji vya Misri, Uganda na Namibia waligundua kwamba wengi wao ni wazawa halisi wa bara hili, wala si mabaki ya mbwa walioletwa na wageni. Wamezoea magonjwa ya kwetu, chakula cha kwetu, na kwa karne nyingi wameishi wakiwasoma watu. Kinachowapungukia katika maboma mengi ni mtu wa kuwasoma wao.

Pia huwapungukia muda wa kuishi. Utafiti uliofanywa Machakos na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba nusu ya mbwa wa wilaya hiyo walikuwa hawajatimiza mwaka mmoja. Mbwa huzaliwa wengi, hufa wengi, na boma huchukua mwingine. Katika hali hiyo mtu hawekezi moyo wake, na kwa sababu hawekezi, mbwa anayefuata naye hatunzwi akadumu. Mduara huo haukatwi na pesa nyingi. Hukatwa na mtu mmoja katika boma anayeamua kwamba huyu mmoja ataishi miaka 10.

Uamuzi huo unaanza na siku ya kumchukua. Katika vijiji vya Meru na Embu mtoto wa mbwa mara nyingi hutolewa bure na jirani, hutiwa ndani ya gunia au katoni na kubebwa na bodaboda. Wengi huchukuliwa wakiwa na wiki nne au tano, macho yakiwa bado na uzito wa usingizi wa mama. Ni mapema mno. Wiki nane ndizo zinazofaa, maana kati ya wiki ya tatu na ya nane hivi mtoto hujifunza kutoka kwa mama na ndugu zake mambo ambayo binadamu hawezi kumfundisha vizuri, kama vile kung'ata bila kuumiza. Uchunguzi mrefu wa John Paul Scott na John Fuller, uliotolewa kama kitabu mwaka 1965, ulionyesha kwamba mbwa asiyeshikwa wala kuzoeshwa watu hadi baada ya wiki ya 14 hubaki mwoga wa binadamu, na kumrekebisha baadaye ni kazi ngumu. Kwa hiyo dirisha lipo, na si kubwa: wiki chache, katika umri ambao wengi humwona mtoto wa mbwa kuwa bado hajaanza kuwa na akili.

Tuseme analetwa mwezi wa Julai, wakati ukungu wa Mlima Kenya unashuka na baridi ya Meru inapenya hadi kwenye mifupa. Usiku wa kwanza atalia. Analia kwa sababu alikuwa akilala katikati ya miili sita yenye joto na sasa yuko peke yake juu ya saruji. Mtu wa kwanza atakayemwekea gunia kavu lenye mabua, akamlaza karibu na ukuta wa jiko ambapo moto ulikuwa, akamwekea mkono mgongoni mpaka pumzi itulie, amefanya kazi ambayo haitafanywa tena kwa urahisi ule. Asubuhi mtoto huyo huyo akimwona, mkia utatikisika kabla macho hayajafunguka vizuri. Amekwisha kuchagua.

Baada ya hapo kazi ni ya kila siku, na ni ndogo ndogo. Chakula, kwa mfano. Sufuria isisukumwe kwa mguu. Mpaji achutame, aite jina, angoje mbwa amtazame, kisha aweke chakula chini kwa mkono. Sekunde 10 hizo, mara mbili kwa siku, humfundisha mbwa kwamba mema hutoka kwa mtu, na kwamba kumtazama mtu kuna faida. Kwa mtoto wa mbwa, vitonge vichache vya kwanza vya ugali vitoke moja kwa moja kiganjani. Atajifunza kuchukua kwa ulimi, na meno yake yataheshimu ngozi ya binadamu maisha yake yote.

Jina nalo litunzwe. Katika nchi hii mbwa huitwa Simba, Chui, Tommy, Bosco, Tiger, na si kosa. Kosa ni matumizi. Sikiliza boma lolote: jina la mbwa hutajwa zaidi akiwa amekosea. "Simba! Toka hapo! Simba, umekula mayai!" Kisha anaitwa "Simba, njoo!" na akifika hufungwa mnyororo au huchapwa. Baada ya wiki mbili Simba amekwisha kuelewa vizuri kabisa maana ya kuitwa, na ndiyo sababu husimama mita 20 mbali, mkia chini, akitazama pembeni. Watu husema ni mkaidi. Sivyo, ana kumbukumbu. Dawa yake ni sheria moja ambayo nyumba nzima lazima ikubaliane nayo, kuanzia nyanya hadi mtoto mdogo: mbwa akiitwa akaja, lolote alilolifanya kabla ya hapo, hupokewa kwa wema. Ukitaka kumfunga, mfuate wewe mwenyewe pale alipo.

Namna ya kutamka ina uzito wake. Attila Andics na wenzake wa Budapest waliwafundisha mbwa 13 kulala kimya ndani ya mashine ya MRI, wakawasikilizisha maneno, na kutangaza matokeo mwaka 2016. Sehemu ya ubongo inayohusika na raha iliamka pale tu neno la sifa lilipotamkwa kwa sauti ya sifa. Neno zuri kwa sauti kavu halikufaa, wala sauti tamu kwa neno lisilo na maana. Kwa hiyo mtu anayenong'ona "umefanya vizuri" huku akili yake iko kwenye simu hajamwambia mbwa kitu. Kimeru, Kiswahili, Kiingereza, lugha yoyote itafaa, mradi neno liwe lilelile kila siku na moyo uwemo.

Mikono pia husema, na mbwa husoma mikono kwa ustadi wa ajabu. Mwaka 2002 Brian Hare na wenzake walionyesha kwamba mbwa hufuata kidole cha mtu kinachoonyesha chakula kilipofichwa vizuri kuliko sokwe, ambao ni ndugu zetu wa karibu zaidi, na vizuri kuliko mbwamwitu waliolelewa na watu. Hata watoto wa mbwa waliweza. Kaaga ina shule ya watoto viziwi, na yeyote aliyewahi kukaa karibu nao anajua jinsi mazungumzo kamili yanavyoweza kupita hewani bila sauti. Kiganja kilichofunguliwa kumaanisha "kaa", mkono unaovutwa kifuani kumaanisha "njoo", kidole kuelekea bandani: ishara tatu hizo zikirudiwa bila kubadilishwa, mbwa wa kienyeji huzishika ndani ya siku chache, na zitafaa zaidi siku ya upepo au mvua ambapo sauti haifiki.

Halafu kuna macho. Timu ya Takefumi Kikusui katika Chuo Kikuu cha Azabu, Japani, ilitangaza mwaka 2015 kwamba mbwa na mtu wake wakitazamana kwa muda, homoni ya oksitosini, ile ile inayopanda mama anapomnyonyesha mtoto, hupanda kwa wote wawili. Mbwamwitu waliolelewa na watu hawakuonyesha hali hiyo. Ni ugunduzi mzuri sana, lakini uchukuliwe kwa busara: hayo ni macho ya wanaojuana. Mbwa mgeni ukimkazia macho, kwake ni uchokozi, na watoto wafundishwe hivyo mapema. Wafundishwe pia kutomgusa mbwa anayekula, anayelala, au anayenyonyesha, hata akiwa ni mbwa wao wenyewe.

Kiboko ni suala ambalo haliwezi kupitwa, kwa sababu katika maboma mengi bado ndicho mwalimu mkuu. Waswahili husema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, na usemi huo una ukweli wake: mbwa huchukua hali ya aliyemlea. Watafiti wa Porto, Ureno, walilinganisha mbwa 92 kutoka shule mbalimbali za mafunzo na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Wale waliofundishwa kwa kupigwa, kuvutwa kwa nguvu na kukaripiwa walikuwa na dalili nyingi za wasiwasi na homoni nyingi ya msongo wa mawazo, na hata nje ya mafunzo walikitazama kitu kipya kwa matarajio mabaya. Mbwa wa namna hiyo ni hatari kwa boma lenye watoto. Anayeng'ata kwa hofu hang'ati mwizi peke yake.

Anayedhani upole ni udhaifu aangalie mbwa wanaofanya kazi ngumu kuliko zote katika ukanda huu. Upande wa kaskazini wa kaunti hiyohiyo ya Meru, hifadhi ya Lewa inatumia mbwa wa kufuata nyayo za majangili wa vifaru, na majirani wakiibiwa mifugo mbwa hao huitwa kusaidia. Huko Virunga, Kongo ya mashariki, kikosi cha mbwa wa aina ya bloodhound kilianzishwa mwaka 2011 kwa msaada wa daktari wa mifugo kutoka Uswisi, Marlene Zähner. Na huko Usa River, karibu na Arusha, shirika la African Wildlife Foundation limekuwa tangu 2014 likiwafundisha askari wa wanyamapori wa Kenya, Uganda, Tanzania na kwingineko kufanya kazi na mbwa wanaonusa pembe za ndovu na za vifaru bandarini na katika viwanja vya ndege.

Wengi wa askari hao hufika wakiwa watu wazima waliokulia katika maboma kama ya Kaaga, na kwao mbwa ni mnyama wa kuogopwa au kurushiwa jiwe. Kabla ya kufundishwa kunusisha hata boksi moja, sharti wamwogeshe mbwa, wampige brashi, wamlishe, wasafishe banda lake, wacheze naye. Malipo ya mbwa kwa kazi ya hatari ya namna ile ni mpira. Akigundua pembe iliyofichwa ndani ya kontena, hukaa chini kimya, na askari humtupia mpira wake kwa furaha ya kweli. Furaha ikiwa ya uongo mbwa huigundua, na kazi hudorora. Watu waliobeba bunduki porini kwa miaka mingi wamejifunza kupiga magoti kwenye nyasi na kushangilia kwa sababu mbwa ameleta mpira. Hakuna mkufunzi wa maana anayewaambia waache.

Kaaga hakuna haja ya mpira wa kununuliwa. Gunzi la hindi hurushwa, soksi kuukuu yenye fundo huvutwa. Muhimu ni saa. Nusu saa ya mchana, mbwa akiwa macho na mtu akiwa na mawazo yake hapo, inafaa kuliko usiku mzima wa kuishi ua mmoja bila kuonana. Atembezwe kwa kamba alfajiri hadi mtoni au kandokando ya barabara, na aachwe anuse. Kwake kunusa ni kusoma habari za kijiji kizima: nani alipita, alikuwa mgonjwa, alitoka upande gani. Wako watakaomshangaa mtu mzima anayetembeza mbwa kwa kamba asubuhi. Wamshangae. Baada ya miezi miwili mbwa wake atakuwa ndiye pekee katika kijiji anayeweza kupita sokoni bila ugomvi.

Na kama mbwa ni mzima tayari, miaka minne ya mnyororo, amevunjika moyo? Hapa kuna habari njema. Márta Gácsi na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2001 kwenye vituo vya mbwa waliotelekezwa, waliona kwamba mbwa wazima walianza kumchukua mtu mgeni kuwa mtu wao baada ya kukaa naye mara tatu tu, dakika 10 kila mara. Mara tatu! Mbwa aliyenyimwa mtu humpokea haraka yule anayejitokeza. Mwenye mbwa wa namna hiyo aanze kwa kukaa chini karibu na duara la mnyororo, ubavu ukimwelekea mbwa, bila kumkazia macho, akiwa na kipande cha mfupa uliochemshwa. Asimfuate. Angoje pua ije yenyewe.

Mkono ukikubaliwa, uzoee kupita kila mahali: masikioni, kati ya vidole, chini ya mkia. Hapo ndipo kupe na viroboto hujificha, na ndipo funza huingia miguuni. Kupekuliwa hivyo kila Jumamosi ni mapenzi na ni tiba kwa wakati mmoja. Dawa ya minyoo itolewe kila miezi mitatu, na mapafu au maini mabichi yenye malengelenge kutoka machinjioni yasitupiwe mbwa kamwe. Turkana inalijua jambo hilo kwa uchungu: ugonjwa wa hidatidi, unaoenezwa na tegu wa mbwa, uliwasumbua watu wa huko kuliko karibu mahali popote duniani, na AMREF ililazimika kuendesha mradi wa kuudhibiti kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1980.

Jambo la mwisho ndilo zito zaidi. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na zaidi ya asilimia 99 ya maambukizi hayo kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Takriban wanne kati ya kila 10 wanaong'atwa na mbwa wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Kuzunguka Serengeti, upande wa Tanzania, kampeni za chanjo zilizoanza mwaka 2003 zimethibitisha kwamba njia hiyo inaokoa watu.

Lakini chanjo humfikia tu mbwa anayeshikika. Nenda penye kituo cha chanjo na uangalie. Mmoja anavutwa kwa waya unaomkata shingo, macho yamemtoka, watu wazima watatu wanarudi nyuma, sindano inashindikana naye anarudishwa nyumbani bila kinga. Nyuma yake anakuja msichana wa miaka 11 na mbwa wa kahawia aliyefungwa kitambaa cha leso shingoni. Anachutama, anamkumbatia kichwa, anamwambia maneno sikioni. Sindano inaingia na kutoka, na mbwa bado anamtazama usoni.

Kwa hiyo, msomaji mwenye mbwa, anza wiki hii. Mlishe kwa mkono, mwite kwa wema, mzoeshe kamba. Chanjo ya kwanza hutolewa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, lakini ofisi ya mifugo ya kaunti haingoji siku hiyo. Mbwa yeyote akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na kituo cha chanjo kikifunguliwa karibu nawe, usimtume mtu mwingine: mpeleke mbwa wako wewe, umshike wewe.